Uzi maalumu: Spika za umemetuamo zisizo na koni. Nimeishi na Quad 57 na Quad 63, karibuni tubishane

Mwanasanturi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi kwenye uzi wa sabufa za sebuleni niliandika kwa mzaha kwamba kwangu hakuna sabufa wala koni hata moja. Meseji za pembeni zikamiminika, karibu zote na swali lile lile: spika isiyo na koni inaimba kwa kutumia nini? Kujibu mmoja mmoja nitachoka, huu hapa uzi.

Nimekulia Tanga, sasa naishi Leicester, Uingereza. Nyumba ya kawaida ya matofali, sebule ya mita 4 kwa 5. Sebule naitaja mapema kwa sababu itarudi huko mbele.

Waliosoma fizikia wanakumbuka kalamu ya plastiki: unaisugua kwenye nywele, inanyanyua vipande vya karatasi. Huo ndio umemetuamo. Ndani ya spika kuna utando wa plastiki mwembamba sana, umewambwa kama ngozi ya ngoma, umepakwa dawa inayopitisha umeme kwa shida, kisha umechajiwa volti elfu kadhaa zisizobadilika. Mbele na nyuma yake, milimita chache tu, kuna mabamba mawili yenye matundu. Muziki ukitoka kwenye amplifaya unapita kwenye transfoma, unapandishwa hadi maelfu ya volti, unaingia kwenye yale mabamba. Bamba moja linavuta, la pili linasukuma, na utando wote unakwenda kwa pamoja. Koni husukumwa na koili katikati, huku pembeni ikifuata inavyojisikia.

Pigeni hesabu hii. Utando wa plastiki ya poliesta wenye unene wa maikroni 6 una uzito wa gramu kama 8 kwa mita moja ya mraba. Hewa yenye unene wa milimita 7 ina uzito huo huo. Yaani hewa inasukumwa na kitu chepesi kama hewa yenyewe. Ndiyo maana kidole kikigusa uzi wa kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, unausikia ukucha kwanza, halafu noti.

Kinachonifurahisha ni historia yake. Edward Kellogg, aliyeitoa pamoja na Chester Rice mwaka 1925 ile spika ya koni na koili ambayo mpaka leo imo kwenye redio zote za mbao za babu zetu, ndiye huyo huyo aliyepewa hataza ya Marekani ya spika ya umemetuamo mwaka 1934. Ya kwanza ikateka dunia. Ya pili ikalala, kwa sababu plastiki nyembamba, imara na inayovumilia volti kubwa ilikuwa bado. Ilipopatikana baada ya vita, Peter Walker wa Huntingdon, Uingereza, mtu aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1936, akatoa Quad Electrostatic mwaka 1957. Jina la "57" limepachikwa na watu baadaye, ilipokuja ndugu yake, 63. Santuri za stereo ziliingia madukani 1958, kwa hiyo wanunuzi wa mwanzo walibeba spika moja tu, wakaja kutafuta ya pili baadaye. Kule Marekani, Arthur Janszen alichora KLH Nine, ikatoka 1960.

Mimi 57 zangu nilizipata kwa mzee aliyekuwa anahama nyumba kubwa kwenda ndogo. Kila moja ina upana wa sentimita 88 hivi, kimo hakifiki hata 80, imepinda kidogo, na ina wavu wa rangi ya shaba mbele. Mama alipokuja kututembelea mwezi wa Novemba aliamka asubuhi akaanika soksi za wajukuu juu yake, akijua ni hita. Nilipiga kelele mpaka akakasirika.

Nikikaa kwenye kiti changu, mtu anaimba. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Kwenye taarabu ya zamani ya Unguja sauti ya mwimbaji inasimama katikati ya chumba kwa kimo cha mtu, unasikia anavyovuta pumzi kabla ya beti, unasikia fidla ya pili imechelewa kidogo. Hata rekodi mbovu haichoshi.

Baadaye nilinunua na 63, nikaishi na zote mbili chini ya paa moja kwa mwaka na nusu. Leo nimebaki na 57. Najua hapo kuna watu watanirushia mawe, sababu nitazieleza mkinipa nafasi. Karibuni.

Dogo wa Mbagala

Mkuu maelezo mazuri ila swali langu fupi. Zinapiga singeli?

Mwanasanturi

Haha. Kasi ya singeli zinaiweza kuliko spika yoyote niliyowahi kuwa nayo, kila pigo unalihesabu. Ile ngumi ya kifuani haipo. Kwenye 57 besi inaanza kuishiwa nguvu kwenye hezi 45 hivi, na kuna kiwango cha sauti ambacho ukikivuka unaunguza spika. Kama raha yako ni vioo vya dirisha vitetemeke, baki na sabufa yako, hujakosea kitu.

Dogo wa Mbagala

Basi hizo ni za wazee. Nakaa hapa nisome tu 😂

Fundi Karakana

Niko Nairobi, fundi wa amp (amplifaya) za zamani. Wadau, niongeze yale mleta uzi amepita juu juu.

La kwanza: watu husema 57 ni kitu kimoja kutoka juu mpaka chini. Siyo. Ndani kuna paneli tatu, mbili za besi pembeni na moja nyembamba ya sauti za juu katikati, na umeme unagawanywa kabla haujafika. Paneli za besi zinachajiwa kama kilovolti 6, ile ya katikati kama kilovolti 1.5. Ni ya masafa kamili kwa maana haina koni ya kuisaidia, lakini mgawanyo upo.

La pili ni amp, na hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Spika ya koni ni mzigo unaoeleweka. Hii ni kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji, iliyo nyuma ya transfoma. Kadiri sauti inavyopanda juu ndivyo ukinzani unavyoshuka. Kwenye 57 unatoka omu 30 na zaidi huko chini mpaka chini ya omu 2 huko juu. Amp nyingi za transista za zamani zikiona hivyo zinatetemeka zenyewe kwa masafa usiyoyasikia, unashtukia tu moshi. 57 ilizaliwa ikaikuta Quad II, amp ya valvu (zile taa za kioo) ya wati 15, na zinapendana mpaka leo. Ilipotoka amp yao ya 405 yenye wati 100 mwaka 1975, ilibidi kuwe na njia ya kuizuia voltage yake kwa wenye 57.

La tatu, usalama. Usifungue. Hata ukichomoa waya ukutani, chaji inabaki ndani. Mimi hufungua amp kila siku, lakini nyuma ya hizi naweka mkono mmoja mfukoni.

Mwanasanturi

Fundi, nashukuru kwa sahihisho la mgawanyo. Na hiyo ya wati naiweka wazi, kwa kuwa aliyeunguza ni mimi.

Ilikuwa Idi. Wageni wamejaa, jamaa yangu kaja na amplifaya yake kubwa ya transista ya kujivunia, tukaiunga "tusikie tu". Tulisikia kweli, dakika kama ishirini. Halafu ukatoka mlio wa *tap*, kama kijiti cha kiberiti kinavunjika, ukafuata wa pili, na harufu ile ya hewa baada ya radi. Paneli ya katikati ya spika ya kulia ilikuwa imetobolewa na cheche. Kosa langu mia kwa mia. Fundi aliibadilisha, lakini nilikaa miezi miwili nikisikiliza spika moja. Cha kuchekesha, santuri za mono nilizisikiliza vizuri sana kipindi hicho.

Sikio Halilali

Minneapolis hapa. Mkuu, nakupinga kwa heshima zote.

Mimi nina Acoustat 2+2, zile za Florida, za miaka ya 80. Kimo ni kama mita 2.4, kwenye basement yangu zimebakiza upenyo wa vidole viwili kufika dari. Hakuna paneli ya besi wala ya juu, kila paneli inapiga kila kitu. Na cheche? Nimezipa wati 200 kwa miaka, hazijawahi kulalamika. Mtu akikaa, akisimama, akienda kuchukua chai, mwimbaji anabaki na kimo kile kile, kwa kuwa sauti inatoka kwenye mstari mrefu, si kwenye kitu cha kufika kiunoni. 57 yako ukisimama tu ile sauti tamu inakimbia. Unasikiliza umefungwa kwenye kiti kama uko kwa kinyozi.

Na besi. Utando unatoa sauti mbele na nyuma, na ya nyuma imegeuzwa. Huko chini ambako wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, sauti ya nyuma inazunguka ukingo wa spika na kuimeza ya mbele. Dawa ya hapo ni ukubwa tu wa paneli. Vijipaneli vya sentimita 88 utavisifia kwa sauti ya mtu, lakini ngoma ya msondo utaisoma kwenye karatasi.

Mwanasanturi

Hahaha, kwa kinyozi. Umenipata.

Yote uliyosema ni kweli, na kwa chumba chako ningefanya kama wewe. Dari yangu ina mteremko upande mmoja, 2+2 ingenibidi niilaze. Basi nieleze hiyo vita ya 57 na 63 maana inagusa hapo hapo.

Walker alianza kuitafuta 63 mwaka 1963, ikaingia sokoni 1981. Miaka 18. Shida aliyokuwa anaiwinda ni hiyo ya kinyozi: bamba bapa likiwa kubwa hurusha sauti za juu mbele kama tochi. Alichofanya ni kukata mabamba ya katikati kuwa miduara, mmoja ndani ya mwingine kama mawimbi ya jiwe lililodondoka kisimani, kisha akachelewesha umeme kidogo kidogo kutoka mduara wa ndani kwenda wa nje. Sauti inatoka kama inaanzia kwenye nukta moja, sentimita 30 nyuma ya utando. Kwa sikio maana yake ni kwamba watu wawili, hata watatu, wanakaa kochi moja wote wanasikia.

Na kweli nilisikia. 63 ina besi zaidi, inapaza sauti zaidi, na ndani yake kuna mlinzi: ikinusa cheche inaukatisha muziki pale pale kwa kuziunganisha nyaya za kuingilia, jambo ambalo spika linaiokoa, ila amplifaya dhaifu linaweza kuiua. Mke wangu alizipenda 63, zimesimama wima kama fanicha, hazifanani na hita.

Nilikuwa naziweka kwa zamu, wiki mbili mbili, amplifaya ile ile ya valvu, santuri zile zile. Rekodi ya kikundi kizima, fidla sita na kodiani na udi, kwa 63 nilikuwa naona ukumbi: nani kakaa nyuma, ukuta uko wapi. Kwa 57 ukumbi haupo, na fidla zinabanana. Ikiwa ni mwimbaji na udi peke yake, mambo yanageuka. 63 ananionyesha mtu akiimba ndani ya chumba kizuri. 57 anamtoa kule na kumkalisha mbele yangu. Kwa sauti ndogo, saa sita usiku watoto wamelala, 63 ilikuwa inasinzia kidogo, lazima uiamshe kwa kuongeza. 57 haihitaji.

Na mimi husikiliza saa sita usiku. Nikiwa peke yangu, kwenye kiti kimoja. Ile kasoro ya kinyozi kwangu haina mteja. Wageni wakija naona aibu, nakiri, kila mtu anakizungukia kiti changu. Lakini wageni huja mara mbili kwa mwezi.

Sikio Halilali

Hilo la saa sita usiku umenimaliza. Basement yangu iko mbali na vyumba vya kulala, sikulifikiria.

Bi Mkunazini

Assalaam aleikum kaka zangu. Mie niko Muscat, asili Unguja. Nimesoma uzi wote nasema huu wangu. Kuna Mzungu hapa anaondoka nchini, anauza MartinLogan CLS, zile zilopinda za Kansas, ambazo hazina koni kabisa. Nimezisikia kwake mara moja, skwambieni, machozi yalinitoka. Lakini nnaogopa mambo mawili. Huku joto na unyevu wa bahari, na vumbi la jangwa juu yake. Na marehemu baba alikuwa na santuri nyingi za Unguja, nyengine za mono kabisa, ndizo nnazotaka kuzisikiliza. Jee, nnunue? Na siku nikirudi nyumbani Unguja, zitaishi?

Mwanasanturi

Waaleikum salaam dada, karibu sana. Pole kwa mzee.

CLS sijawahi kuimiliki, niliisikiliza kwa rafiki London mchana mzima. Nzuri mno, na kupinda kwake ndiyo njia yao ya kuitawanya ile tochi, badala ya miduara ya Walker. Usiichanganye na MartinLogan nyingi za baadaye ambazo chini zina sanduku la besi lenye koni. Hizo ni chotara. Si mbaya, ila pale koni inapompokea utando, sikio langu huona kama mtu kabadilisha lugha katikati ya sentensi. CLS haina hilo. Inachodai ni amplifaya isiyoogopa ukinzani mdogo sana huko juu, na nafasi nyuma yake. Mita moja kutoka ukutani naiona ndiyo chini kabisa, ili sauti ya nyuma irudi ikiwa imechelewa vya kutosha, sikio lisiichanganye na ya mbele. Pembeni usihangaike, spika za namna hii karibu hazitoi sauti ubavuni.

Kuhusu unyevu, Fundi anajua zaidi.

Fundi Karakana

Shikamoo dada. Unyevu wenyewe haui. Kinachoua ni unyevu ukikutana na vumbi na chumvi. Chaji ya kwenye utando ni ndogo, inaingia kupitia resista kubwa sana, kwa hiyo uvujaji hata mdogo unaimaliza. Vumbi kavu halipitishi kitu. Likilowa hewa ya bahari linakuwa njia. Utasikia *shhh* au *tik tik* hata bila muziki, halafu sauti inapungua pole pole upande mmoja. Quad zina karatasi nyembamba ya plastiki mbele na nyuma ya kuzuia vumbi, na hiyo ikitoboka lazima ibadilishwe haraka. Zenye mabamba ya wazi zinataka kupitishwa vacuum cleaner kwa upole, zikiwa zimechomolewa kwa saa kadhaa. Mdudu akiingia kati atalia *tik* mpaka aungue.

Muscat unaishi na AC, hewa ya ndani inakauka, sioni shida kubwa. Unguja masika, madirisha wazi, umeme unakatika? Mimi ningesema chumba kimoja kifungwe, kiwe na AC. Mombasa nimeona amp za valvu zimeota kutu ndani ya mwaka, na hizo hazina hata utando.

Bi Mkunazini

Ahsante mwanangu, marahaba. Chumba cha AC nnacho. Sasa nikienda kuzitazama nitazame nini? Mie si fundi.

Mwanasanturi

Dada, mwombe aziwashe ukutani tangu asubuhi, wewe nenda alasiri. Spika iliyochoka inaweza kuimba vizuri dakika kumi za kwanza, au ikachukua saa nzima kuamka. Ukiwashiwa mbele yako hutajua ipi ni ipi.

Chukua santuri moja ya mono ya baba. Mono ndiyo kipimo cha bure: sauti lazima isimame katikati kabisa. Ikivutika upande mmoja, upande wa pili umechoka. Wabadilishane nyaya kushoto na kulia, usikilize tena. Sauti ikihamia upande wa pili, tatizo liko kwenye santuri au amplifaya. Ikibaki pale pale, ni spika. Halafu muziki uzimwe, AC izimwe, ukae kimya karibu na kila moja usikilize kama inanong'ona.

Na ukae saa mbili. Akikukaribisha kahawa, kubali.

Dogo wa Mbagala

Nilikuja kwa ajili ya singeli nimejikuta nasoma mpaka mwisho. Bi Mkunazini ukienda utuletee mrejesho.

Bi Mkunazini

Nimerudi. Nilikwenda jana na santuri mbili za baba.

Nilipofika sauti ilikuwa katikati, nikafurahi, nikataka kutoa pesa. Nikakumbuka ya kahawa. Baada ya kama saa moja na robo yule mwimbaji akaanza kusogea kulia, pole pole kama mtu anayehama baraza. Tukabadilisha nyaya, akabaki kule kule kulia. Nilipokaribia ya kushoto ilikuwa ikinong'ona, *shhh*, kama Fundi alivyosema. Mwenyewe alikuwa hajui, masikini, anasema yeye husikiliza nusu saa tu kabla ya kwenda kazini. Akapunguza bei nusu.

Sikio Halilali

Ukachukua??

Bi Mkunazini

Sijachukua. Nimemwambia anipe wiki. Fundi, jee, paneli ya kushoto ikisafishwa tu bila kubadilishwa, kuna matumaini?

Fundi Karakana

Yapo dada, kama ni vumbi. Mwombe akuruhusu ichomolewe siku nzima, ipitishiwe vacuum mbele na nyuma, ikae siku mbili kwenye chumba chenye AC, kisha mrudie jaribio lile lile la saa mbili na santuri ile ile. Mwimbaji akihama tena, dawa iliyopakwa kwenye utando imechakaa au plastiki imezeeka, hapo hesabu paneli mpya pamoja na gharama ya kuzisafirisha. Akibaki katikati, lipa.

Bi Mkunazini

Nimemtumia ujumbe. Kakubali. Ijumaa baada ya sala nnakwenda tena, na safari hii kahawa nnabeba mwenyewe, yake mbaya.